Smith ni Mhunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jina Hili la Kiingereza

Kwa miaka mingi nimefundisha Kiingereza na kufanya kazi ya ukalimani, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo yananirudia kila mara. Mengine huulizwa darasani. Mengine huja usiku kwa simu, kutoka kwa ndugu walio ughaibuni wanaojaza fomu na kukwama kwenye nafasi ya jina. Nimechagua jina moja tu, Smith, maana ukilielewa hilo sawasawa majina mengi ya Kiingereza yanafunguka yenyewe. Kuna jambo jingine pia ninalopenda lijulikane: Smith tunaye hata kwetu, kwa lugha zetu, ila hatujazoea kumwona.

Smith maana yake nini?

Mhunzi. Mfua chuma. Yule mtu wa fuawe, nyundo, koleo na mivukuto, anayetoa chuma motoni kikiwa chekundu na kukipiga mpaka kiwe jembe, shoka, mundu, bawaba ya mlango au kiatu cha farasi.

Zamani sana neno hili lilikuwa pana zaidi, likimaanisha fundi wa vitu vigumu kwa jumla. Lugha ya Iceland, ambayo ni ndugu wa Kiingereza cha kale, imeutunza upana huo: huko seremala hadi leo anaitwa trésmiður, fundi wa mti, na mhunzi ni járnsmiður, fundi wa chuma. Katika Kiingereza neno lilibanwa likabaki kwa madini. Ndiyo maana goldsmith ni sonara, silversmith ni mfua fedha, na locksmith ni fundi wa makufuli na vitasa, yule unayempigia simu ukijifungia nje.

Kwa nini mhunzi wa chuma anaitwa blacksmith? Weusi huo ni wa nini?

Ni weusi wa chuma. Waingereza waliita chuma metali nyeusi kwa rangi yake kinapopoa baada ya kutoka motoni, na aliyefanya kazi ya bati walimwita whitesmith. Hauna uhusiano wowote na rangi ya mtu. Nimewahi kumwona mwanafunzi mzima akiona haya kulitamka neno hili mbele ya wenzake, ndiyo maana nimelipa nafasi yake hapa.

Ilikuwaje kazi ikageuka jina la ukoo?

Kabla ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Kijiji kilikuwa kidogo, watu wanajuana, jina moja lilitosha. Wanormandi wenye ardhi walikuja na desturi ya kurithisha jina kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na desturi hiyo ikashuka polepole kutoka kwa matajiri hadi kwa wakulima. Kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina la kurithi.

Serikali nayo ilikuwa na haja zake. Mtoza kodi anapokuta kijiji chenye John kumi atamdai yupi? Kodi ya kichwa ya miaka ya 1377, 1379 na 1381 iliandikwa mtu kwa mtu, na katika orodha hizo utawaona akina John wakitenganishwa: John mwana wa William, John wa kilimani, John mfupi, John mhunzi. Hizo ndizo njia nne ambazo karibu majina yote ya ukoo ya Kiingereza yamepitia: jina la baba (Johnson, Williams), mahali (Hill, Wood), sifa ya mtu (Short, Brown) na kazi (Smith, Baker, Cook). Mwaka 1538 makanisa yaliamriwa kutunza daftari za ubatizo, ndoa na mazishi, na mwaka 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi na vifo yenyewe. Jina likishaingia daftarini, haliondoki. Mjukuu akawa mwokaji mikate na bado anaitwa Mhunzi.

Mbona wakulima walikuwa wengi kuliko wahunzi, lakini Smith ndiyo wengi?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake liko ndani ya swali lenyewe. Jina la kazi lina faida pale linapomtenga mtu na wengine. Katika kijiji ambacho kila mtu ni mkulima, kumwita mtu mkulima hakusaidii kitu. Mhunzi, kinyume chake, alikuwa mmoja au wawili, na kila mtu alimhitaji: bila yeye hakuna jembe, hakuna msumari, farasi hatembei. Ukisema John mhunzi, kijiji kizima kinajua ni nani. Na kwa kuwa karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, jina lilichipuka mahali pengi kwa wakati mmoja, watu wasiohusiana kabisa wakaitwa vilevile.

Hivyo basi watu wawili wanaoitwa Smith hawana sababu ya kudhani ni ndugu. Smith ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Uingereza, Marekani na Australia. Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 iliwahesabu akina Smith 2,442,977. Hao ni watu wa kujaza mji mkubwa, si ukoo mmoja.

Kila Smith basi ametokana na mhunzi wa Kiingereza?

Hapana, na hapa historia ina uchungu wake.

Ireland kulikuwa na ukoo ulioitwa Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi kwa lugha ya Kiairishi. Mwaka 1465, chini ya mfalme Edward IV, ilipitishwa sheria iliyowataka Waairishi waliokaa katika eneo lililotawaliwa na Waingereza wachukue majina ya Kiingereza: ya mji, au rangi, au kazi, na Smith limetajwa humo kama mfano wa jina la kazi. Ndiyo maana hadi leo katika kaunti ya Cavan utakuta akina Smith wengi ambao mababu zao hawakuwa Waingereza hata chembe. Maana ya jina ilibaki ileile, lugha ikanyang'anywa.

Waliohamia Marekani kutoka Ujerumani wakiitwa Schmidt, wengi walijigeuza Smith wenyewe ili wasisumbuliwe.

Na kuna wale ambao jina liliwafika kwa njia ya utumwa. Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, mamilioni ya watu walihitaji jina la ukoo la kuandikisha ndoa, kazi na ardhi. Baadhi walichukua jina la aliyekuwa amewamiliki, wengine la mtu waliyemheshimu, wengine walichagua tu jina la kawaida wapate kuishi kwa amani. Mwanariadha Tommie Smith, aliyeinua ngumi yenye glavu nyeusi jukwaani kwenye Olimpiki za Mexico mwaka 1968 baada ya kushinda mita 200 kwa sekunde 19.83, anabeba jina hilo. Mwimbaji Bessie Smith alilibeba pia. Ukikutana na Mmarekani mweusi aitwaye Smith usimwambie kwa furaha kwamba babu yake alikuwa mhunzi. Hulijui hilo, na huenda yeye mwenyewe hana njia ya kulijua.

Linatamkwaje?

Sisi tuna bahati. Mfaransa na Mjerumani wanahangaika na sauti ya mwisho, lakini Mswahili anayo tangu utotoni: ni th ya thamani na thelathini. Shida yetu iko mahali pengine, kwamba maneno yetu yanapenda kuishia na irabu, hivyo ulimi unataka kusema Simithi. Jizoeze kuanza kama unasema "smi" bila kuweka irabu kati ya s na m, kisha ulimi uguse meno na usimame hapohapo. Usiseme Smis, wala Smit. Smit ni jina jingine, la Kiholanzi, ingawa maana yake ni hiyohiyo.

Na Smyth, Smythe?

Ni jina lilelile kwa tahajia ya zamani, enzi ambapo i na y zilibadilishana nafasi bila mtu kujali. Smyth wengine hulitamka sawasawa na Smith, wengine husema "smaith". Smythe mara nyingi ni "smaidh", yenye dh ya dhahabu. Hakuna kanuni ya kukuokoa, muulize mwenyewe. Waingereza nao huulizana kila siku, ni kwa i au kwa y? Si utovu wa adabu.

Nikiona John Smith, najuaje jina la ukoo ni lipi?

La mwisho. Kwa Kiingereza cha kawaida jina la mtu hutangulia na la ukoo hufuata. Mpangilio hugeuka katika orodha, maktaba na fomu: Smith, John. Alama ya mkato ndiyo inayokuambia kwamba majina yamepinduliwa.

Angalia lakini, kwa sababu Smith linaweza kuwa jina la kwanza. Wakenya wenye umri watamkumbuka Smith Hempstone, balozi wa Marekani Nairobi kuanzia mwaka 1989 hadi 1993, aliyepaza sauti wakati wa kudai vyama vingi. Huyo ukoo wake ni Hempstone. Waliomwita Balozi Smith walikuwa wanatumia jina lake la kwanza, kama kumwita mtu Balozi Juma.

Kwetu jambo hili ni la kawaida mno. Tuna akina Jackson, Wilson, Nelson na Washington waliobatizwa majina hayo kama majina ya kwanza, wakati kwa Mwingereza ni ya ukoo: Jackson ni mwana wa Jack, Wilson ni mwana wa Will. Hakuna kosa lolote hapo, jina ni la anayelitumia. Ila ukimwandikia Mwingereza barua pepe ukajiita Wilson tu, anaweza kudhani hilo ni jina la ukoo akakujibu Dear Mr Wilson. Ndiyo sababu.

Nimwiteje mtu huyu: Smith, Bwana Smith, au John?

Inategemea lugha mnayozungumza.

Kwa Kiingereza, Mr Smith ni mwanamume yeyote, Mrs Smith ni mwanamke aliyeolewa, Miss Smith ni asiyeolewa, na Ms Smith ni mwanamke ambaye hataki hali yake ya ndoa iwe kitambulisho chake. Usipojua, andika Ms. Kumwita mtu Smith peke yake mbele yake, bila Mr, kunasikika kama jeshini au kama shule za bweni za zamani. Ofisini siku hizi wengi watakuambia, niite John, hata mkurugenzi. Ukiambiwa hivyo fuata. Najua ni vigumu kwa aliyelelewa asimtaje mkubwa kwa jina, lakini ukiendelea na Mr Smith baada ya kuombwa usifanye hivyo, mwenzako anaona umemwekea umbali.

Kwa Kiswahili mambo ni mengine. Bwana Smith ni sawa, Bi. Smith ni sawa, Mwalimu Smith, Daktari Smith, Mzee Smith kwa mtu wa makamo yake. Pa kuwa makini ni kwenye Mama Smith. Sikio la Mswahili linasikia mama mwenye mtoto aitwaye Smith. Kama mwanawe ni Peter, basi yeye ni Mama Peter, na utashangaa jinsi wanawake wengi wa Kizungu wanavyofurahi wakishaelezwa kwamba wamepewa jina la heshima.

Kuna jambo dogo la hospitalini Uingereza ambalo limewachanganya watu wetu wengi: madaktari wa upasuaji huko huitwa Mr au Miss badala ya Dr, kwa desturi ya tangu zamani. Mgonjwa anaambiwa atapasuliwa na Mr Smith, naye anaingiwa hofu kwamba hajapewa daktari. Amepewa. Tena bingwa.

Sir Smith ni sahihi?

Si sahihi kabisa. Sir kama cheo hufuatana na jina la kwanza. Mpenzi wa mpira analijua hili bila kujua kwamba analijua: ni Sir Alex, hakuna anayesema Sir Ferguson. Kwa wanawake cheo ni Dame, kwa kanuni hiyohiyo, hivyo mwigizaji Maggie Smith aliyefariki mwaka 2024 alikuwa Dame Maggie. Ama lile Sir la wanafunzi kumwita mwalimu wa kiume, hilo halifuatwi na jina lolote.

Mwanamke akiolewa na Smith, ni lazima awe Smith?

Sheria ya Uingereza haimlazimishi. Ni desturi, na desturi yenyewe ilitokana na enzi ambapo mke mbele ya sheria alihesabiwa kuwa kitu kimoja na mumewe, hana mali wala jina la peke yake. Wengi bado wanachukua jina la mume, wengine wanabaki na la baba, wengine wanaunganisha. Maggie Smith niliyemtaja aliolewa mara mbili na kazini akabaki Smith.

Kwa Waislamu wa pwani yetu jambo hili halikuwahi kuwa swali. Fatuma binti Ali huolewa, huzaa, hufiwa na mume, na bado ni Fatuma binti Ali. Ninapowaeleza Waingereza hivi wengine hushangaa, maana walidhani uhuru huo ni mpya duniani.

Majina mawili yenye kistari katikati ni nini? Nilitaje lipi?

Taja yote mawili. Ni jina moja la ukoo lenye vipande viwili, kwa kawaida limetokana na kuunganisha koo mbili. Mchezaji wa mpira Trent Alexander-Arnold si Arnold. Kistari chenyewe si lazima: Emile Smith Rowe hana, na bado jina lake la ukoo ni Smith Rowe, ndilo linaloandikwa mgongoni mwa jezi.

Zamani familia zilizoitwa Smith zilipenda kujiongezea kipande ili zisipotee katika umati. Anayesoma historia ya Zanzibar atamkuta Sir Charles Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza wakati visiwa vinawekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Mtafute kwenye herufi E, si S. Nimewaona wanafunzi wakirudi mikono mitupu kutoka maktaba kwa kosa hilo tu.

Wingi wa Smith ni nini?

The Smiths, bila alama ya juu kabla ya s. Kwa Kiswahili ni akina Smith, na hapa nadiriki kusema lugha yetu imebuni kitu kizuri kuliko chao, maana "akina" inabeba familia, marafiki na wote walio upande wa mtu huyo.

Kwa nini mtu asiyetaka kujulikana anajiita John Smith?

Kwa sababu ndilo jina lisiloacha alama. Ni kama fulani bin fulani kwetu, ila hili laweza kuwa la kweli. Wenye jina hilo hupata taabu: hotelini hutazamwa mara mbili. Kiongozi wa chama cha Labour aliyefariki ghafla mwaka 1994 aliitwa John Smith, na mmoja wa viongozi wa Waingereza waliofika Jamestown, Marekani, mwaka 1607 vilevile. Kwa hiyo mtu akikuambia anaitwa John Smith, mwamini.

Majina gani mengine ya Kiingereza yanatokana na kazi?

Mengi, na uwanja wa mpira ni darasa zuri. Robbie Fowler ni mtega ndege. Kyle Walker si mtembeaji kama unavyodhani: walker alikuwa mtu aliyekanyaga kitambaa cha sufu majini kwa miguu mpaka nyuzi zishikamane. Cole Palmer ndiye nimpendaye zaidi katika orodha hii, maana palmer alikuwa hujaji aliyefika Yerusalemu akarudi na kuti la mtende kuthibitisha safari yake. Kwetu angeitwa Alhaji. Nje ya uwanja, Taylor ni mshonaji, Potter ni mfinyanzi, Cooper ni mtengeneza mapipa, Clark ni karani, na Thatcher ni mwezekaji wa mapaa ya nyasi. James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891, ni mhunzi mwingine: mfua visu.

Lugha nyingine zina Smith wao?

Karibu zote zilizojua chuma. Ferrari la Kiitaliano ni hilohilo. Lefebvre la Kifaransa, Kowalski la Kipoland, Kuznetsov la Kirusi, Kovács la Kihungari. Mchezaji Mateo Kovačić wa Kroatia ni mwana wa mhunzi.

Kwa Kiarabu ni Haddad, kutoka hadid, chuma, neno ambalo ndilo jina la sura ya 57 ya Kurani. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ratib al-Haddad inayosomwa misikitini Lamu, Mombasa na Unguja ni ya Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut. Watu wamelitamka jina la mhunzi vinywani mwao vizazi na vizazi bila kulifikiria kwa maana yake.

Na sisi je? Smith wetu ni nani?

Anaitwa Mshana.

Ugweno, kaskazini mwa Upare, ukoo wa Washana ndio uliokuwa wa wahunzi. Masimulizi ya huko yanasema ndio waliotawala hapo zamani, kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Chuma cha Upare kilivuka hadi Uchagani, kikageuka majembe na mikuki ya watu wa mlimani. Leo ukimkuta mwalimu au dereva aitwaye Mshana, jina hilo lina uzito uleule wa Smith, tena wakati mwingine kwa uhakika zaidi, kwa kuwa uhunzi ulikuwa wa ukoo: mtoto alirithi jina pamoja na fuawe.

Kwa Wagikuyu mhunzi ni mũturi, na jina Muturi liko kila mahali Kenya ya kati. Huko lakini njia ya jina ni tofauti na ya Waingereza. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo jina halinyooki kama reli kutoka baba hadi mwana, huruka kizazi kimoja na kurudi.

Kuna kisa kimoja kinachonigusa kila nikikieleza. Katuruka, karibu na Ziwa Nyanza upande wa Bukoba, yamechimbuliwa mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya zamani sana, yakadiriwayo kufikia miaka 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, waliokumbuka kazi hiyo tangu ujana wao, walijenga upya tanuri la jadi na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, na mwaka 1978 matokeo yakachapishwa katika jarida la Science. Mwanaakiolojia aliyeongoza kazi hiyo anaitwa Peter Schmidt. Schmidt, yaani mhunzi. Mtu mwenye jina la mhunzi alivuka bahari akaketi mbele ya wahunzi wa Kihaya ili wamfundishe.

Wazee wakisema "Smith" redioni zamani, walimaanisha nani?

Ian Smith, aliyetangaza uhuru wa walowezi wachache wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, tarehe 11 Novemba 1965. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata kwa sababu ya Waingereza kulegea katika jambo hilo. Kwa kizazi kile, Smith lilikuwa jina la mtu mmoja, na lilitamkwa kwa hasira. Smith mwingine aliyejulikana pwani ni wa biashara: kampuni ya Smith Mackenzie, iliyoanzia Zanzibar miaka ya 1870 na kuwa wakala wa meli. Na yule wa sokoni, tufaha la kijani la Granny Smith, limeitwa kwa jina la Maria Ann Smith, bibi mkulima aliyeliotesha karibu na Sydney, Australia, katika karne ya 19.

Fomu inauliza "surname" na mimi sina jina la ukoo. Niandike nini?

Swali hili ndilo linaloleta simu za usiku. Wengi wetu tuna majina matatu: langu, la baba, la babu. Hakuna lililo la ukoo kwa maana ya Kiingereza, kwa kuwa mtoto wangu hatabeba la babu yangu, atabeba langu na la baba yangu. Mfumo wa Kiingereza haujui hilo. Unataka jina moja lisilobadilika, lile analolibeba Smith na mwanawe na mjukuu wake.

Ushauri wangu ni mmoja tu: fuata pasipoti yako, herufi kwa herufi. Lililoandikwa kwenye nafasi ya surname katika pasipoti ndilo surname lako kila mahali, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Tiketi ya ndege iwe hivyo, benki iwe hivyo, cheti cha shule cha mtoto kiwe hivyo. Ally na Ali ni watu wawili mbele ya kompyuta. Nimekaa na mama mmoja saa nne nzima katika ofisi moja, tukieleza kwamba Hassan wa kwenye cheti ndiye Hasan wa kwenye kibali, na s moja iliyopungua karibu imkoseshe kazi.

Ukisafiri na mtoto ambaye jina lake la mwisho si lako, jambo la kawaida kabisa kwetu, chukua cheti chake cha kuzaliwa. Mpakani Uingereza unaweza kuulizwa uhusiano wenu. Ofisa amezoea mtoto wa Smith awe Smith.

Nikitafsiri habari kwa Kiswahili, niandike Bwana Mhunzi badala ya Smith?

Hapana. Jina la mtu halitafsiriwi. Adam Smith, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha uchumi mwaka 1776, abaki Adam Smith, wala asiwe Adamu Mhunzi. Wala usiliongezee irabu ukaandika Smithi. Viambishi vyetu vinaweza kulizunguka bila kuligusa: akina Smith, nyumba ya Smith, u-Smith wake. Kama maana ya jina ina kazi katika habari yenyewe, iseme mara moja, kwa maneno yako, kisha urudi kwenye Smith.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kanuni hiyo inafanya kazi pande zote mbili, yaani Mwingereza naye aandike Mshana bila kulitafsiri. Nilimjibu ndiyo. Na alitamke vizuri, sh kama ya shamba.